Mali ya Tajiri na Deni la Msomi

Katika miji ya mwambao wa Afrika ya Mashariki, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja, Bagamoyo na Kilwa, tajiri aliyefanikiwa katika tijara hakuhesabiwa kuwa ametimia kwa wingi wa majahazi yake wala kwa urefu wa nyumba yake ya mawe, bali watu walitazama ni kisima gani alichokichimba, ni msikiti gani alioujenga, na ni nyumba ipi aliyoiweka wakfu ili kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti na futari ya maskini katika mwezi wa Ramadhani. Wahindi waliohamia pwani nao walikuja na ada zao za kujenga jamatikhana, madrasa na musafirkhana, na kwa kuwa watu hawa wote walikaa mtaa mmoja na kukopeshana fedha, ada hizi zilikutana na kutiana nguvu, hata ikawa ni aibu kubwa kwa mfanyabiashara mashuhuri kufariki dunia bila kuuachia mji kitu.

Sadaka ya mkononi hukwisha pale inapopokelewa, lakini wakfu ni amana inayodai kusimamiwa kizazi baada ya kizazi. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, haitolewi hiba, wala hairithiwi. Asili yake huzuiliwa, na pato lake peke yake ndilo litumikalo. Na kwa sababu hiyo panahitajika mtu wa kukusanya kodi, kutengeneza paa kabla ya masika, kuandika daftari la mapato na matumizi, na kuwa tayari kulifungua daftari hilo mbele ya kadhi siku atakapoulizwa. Haikuwa lazima mtu huyu, yaani mutawalli, awe tajiri. Ilikuwa lazima awe mwaminifu na ajue kusoma hati na kufanya hesabu, na pasipokuwa na mtu wa namna hiyo, nyumba ya wakfu ilibomoka au ilichukuliwa na jamaa wa marehemu, na nia njema ya aliyeitoa ikabaki katika karatasi.

Nimetanguliza habari hizi kwa sababu siku hizi, tunapozungumza juu ya wajibu wa makampuni kwa jamii, tunamtazama mwenye mali peke yake, tukimsifu anapotoa na kumlaumu anapozuia, ilhali historia ya pwani yetu inatuonyesha mtu wa pili, ambaye asipokuwapo fedha ya wa kwanza haizai matunda. Mtu huyo ni msomi, na aghalabu ni kijana.

Mfano ulio wazi kuliko yote umesimama hadi leo mbele ya bandari ya Unguja, katika njia ya Mizingani. Tharia Topan, Ismaili mwenye asili ya Kutch, alikuja Unguja akiwa mtoto asiye na kitu, akapanda daraja kwa daraja hata akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Bahari ya Hindi. Katika zama za Seyyid Barghash aliishika forodha ya Unguja, iliyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, na alikuwa mshauri wa Sultani katika mambo ya fedha. Misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu iliendeshwa kwa mikopo yake. Hamed bin Muhammed, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip, amemtaja katika kitabu cha maisha yake kama mtu aliyempa bidhaa na kumwamini. Ni insafu kusema wazi kwamba biashara ile ya bara haikuwa safi, kwani pembe na watumwa vilisafiri katika njia moja, na fadhila iliyokuja baadaye haifuti dhulma iliyotangulia. Hata hivyo mtu huyu, alipokwisha kutajirika, aliona kwamba mji uliompa mali ulikuwa ukimdai.

Mwaka 1887, Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 50 ya utawala wake, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali aliyokusudia iwatibu maskini. Mafundi waliletwa kutoka Bara Hindi, na nakshi waliyoitia katika mabaraza yake ya mbao, ghorofa juu ya ghorofa, imelifanya jengo hilo kuwa mojawapo ya majengo mazuri kuliko yote ya Mji Mkongwe. Lakini mwaka 1891, kabla kazi haijakwisha, Tharia alifariki dunia huko Bombay. Mjane wake aliiendeleza kazi hiyo mpaka jengo likakamilika mwaka 1894, na hapo ndipo ulipodhihirika upungufu ambao uzuri wa nakshi hauwezi kuufunika, kwamba pamekuwapo nyumba na hapana wa kuiendesha. Halikuwapo fungu la kudumu la kuwalipa matabibu na wauguzi, wala haukuwapo mji wenye vijana waliosomea utabibu, na jengo halikupata kuwa hospitali kama alivyokusudia mwenyewe. Baadaye lilinunuliwa kwa fedha za hisani za Haji Nasser Nur Mohamed, na sehemu ya chini ikawa zahanati, na ghorofa za juu zikawa makao ya watu; na ndiyo sababu watu wa Unguja wanalijua kwa jina la zahanati ya zamani. Baada ya mapinduzi ya 1964 lilichakaa, mpaka katika miaka ya 1990 lilipotengenezwa upya kwa fedha za Aga Khan. Naisikitikia sana hospitali hii ambayo haikuwa, kwa maana katika miaka iliyofuata nimeona majengo mengi, madogo na yasiyo na nakshi, yaliyopatwa na hali ile ile kwa sababu ile ile.

Ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, huko Bagamoyo, alikuwako tajiri mwingine ambaye kisa chake kilikwenda njia nyingine. Sewa Haji Paroo alikuwa na duka kubwa, ila kazi iliyompa jina ni ya kuandaa misafara. Mgeni aliyetaka kwenda Tabora au Ujiji, awe mfanyabiashara, mmisionari au mpelelezi wa nchi, alikwenda kwa Sewa Haji, na Sewa Haji alimpatia merikani na kaniki, shanga na masango ya waya, na wapagazi wa kuvichukua. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, uliofungwa kwa mkeka na kamba na kubebwa begani au kichwani kwa miezi mitatu, toka Bagamoyo hata Unyanyembe. Na waliorudi walirudi wakiwa na vidonda vya mabega na miguu, wengine na ndui, wengine na ukoma, wakalala katika vibanda vya mji wakingoja msafara mwingine au wakingoja kufa. Kwa hiyo maradhi aliyoyaona Sewa Haji hayakuwa ya watu wa mbali. Yalikuwa maradhi ya watu ambao kwa mabega yao yeye alitajirika, na naamini kwamba hili ndilo lililoifanya hisani yake kuwa na shabaha kuliko ya wengi wa zama zake.

Mwaka 1892 alitoa nyumba ya ghorofa ili iwe skuli, na katika kuitoa aliweka sharti ambalo mtu anayejua mambo ya wakati ule hawezi kulipita bila kusimama: kwamba wasomeshwe humo watoto wa kila kabila na kila dini, Waafrika na Wahindi pamoja. Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, iliyokuwa imeingia nchini kwa bunduki miaka michache tu nyuma, haikuwa na haja ya usawa wa namna hiyo, na katika jamii ya wafanyabiashara wenyewe wako ambao hawakuupenda. Lakini mtoaji alikuwa na haki ya kusema mali yake itumike vipi, naye aliitumia haki hiyo kuwafungulia mlango wale ambao hawakuwa na sauti. Kadhalika alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, wakati ambapo Wadachi walikuwa wakijijengea hospitali yao pembeni mwa bahari. Alifariki Februari 1897, na biashara yake ikaendelezwa na Allidina Visram, aliyeingia katika duka lake akiwa kijana mdogo mwanafunzi wa biashara, kisha akaeneza maduka mpaka Uganda. Na huyu naye jina lake liko juu ya skuli ya sekondari ya Mombasa, iliyojengwa na mwanawe na kufunguliwa mwaka 1923. Kijana aliyejifunza kupima merikani katika duka la Bagamoyo alijifunza pamoja na hayo kwamba faida ina mwenza wake.

Hospitali ya Sewa Haji haikufa kama ile ya Unguja, na sababu yake ni kwamba ilipata watu. Mwanzoni watu hao walikuwa matabibu wa kigeni wa serikali, Wadachi na kisha Waingereza, lakini kazi ya kila siku, yaani kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchanganya dawa na kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoifahamu ni mara ngapi anywe, iliangukia mikononi mwa madresa wa Kiafrika, vijana waliojua kusoma na kuandika, waliofundishwa kazi papo hapo na kisha kupelekwa katika zahanati za wilayani. Hakuna mnara uliosimamishwa kwa ajili yao. Baadaye wakaja waliotoka Makerere, ambako mafunzo ya utabibu yalianza katika miaka ya 1920, na daktari wa Kiafrika akaonekana kwa mara ya kwanza katika hospitali za Tanganyika akiwa na cheti chake, ijapokuwa mshahara wake haukulingana na wa mwenzake wa Kizungu.

Miongoni mwa hao alikuwako Dakta Vedast Kyaruzi, aliyechaguliwa mwaka 1950 kuwa rais wa chama cha TAA, ambacho miaka minne baadaye kiligeuka kuwa TANU. Serikali ya kikoloni, ilipoona kwamba tabibu huyu anatibu zaidi ya miili, ilimwondoa Dar es Salaam na hatimaye akapelekwa Nzega, mbali na siasa za mji. Uhamisho huo ulikusudiwa kuwa adhabu. Lakini mtu akiutazama kwa upande wa wagonjwa wa Nzega, ambao hawakuwa na habari ya makusudio ya gavana, ataona kwamba walichokipata wao ni daktari. Wahitimu wetu wanaoitazama barua ya kupangiwa kazi wilayani kama hukumu wangefaa kuifikiri habari hii kwa utulivu.

Hospitali mpya ilipofunguliwa mwaka 1956 mahali panapoitwa leo Muhimbili, ikipewa kwanza jina la Princess Margaret, shughuli za hospitali ya zamani zilihamia huko, na jina la tajiri wa Bagamoyo likahama pamoja nazo. Hata sasa, mtu wa Dar es Salaam akiulizwa mgonjwa wake amelazwa wapi, hujibu kwamba yuko Sewahaji, au Kibasila, au Mwaisela, akitaja majengo ya wodi kama atajavyo mitaa ya mji. Na wengi wa wanaolitaja jina hilo hawajui kwamba lilikuwa la mtu. Mwaka 1963 ikaanzishwa hapo hapo skuli ya utabibu, ambayo baada ya mabadiliko mengi imekuwa chuo kikuu cha afya, na kila asubuhi makundi ya wanafunzi katika makoti meupe huingia katika wodi hiyo nyuma ya mwalimu wao, wakasimama pembeni mwa kitanda, mmoja akaeleza historia ya mgonjwa na mwingine akaulizwa dalili. Hapa ndipo mali ya tajiri, kodi ya raia na elimu ya kijana zinapokutana juu ya mgonjwa mmoja, na sijui mahali pengine nchini ambapo jambo hili linaonekana kwa macho kwa udhahiri kama huu.

Deni la msomi lilipata kuzungumzwa kwa sauti kubwa, na kwa uchungu, katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipojitawala ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2 tu. Chuo kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kilifunguliwa katika jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, jengo la chama kilichoendeshwa kwa ada za wanachama wake, wengi wao wakulima, wachuuzi na kina mama wa mitaani. Kilikaa hapo hata kikahamia Mlimani mwaka 1964. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza wa sheria alikaa juu ya kiti cha jamii kwa maana halisi ya maneno hayo, na serikali ilipoamua mwaka 1966 kwamba wahitimu walitumikie taifa kwa miaka 2, sehemu moja wakiwa kambini na sehemu iliyobaki katika kazi walizosomea kwa asilimia 40 ya mshahara, ilidhani kwamba inadai kilicho haki yake.

Wanafunzi waliona vingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu wakiwa na mabango, na baadhi ya mabango hayo yalisema kwamba afadhali ukoloni, neno ambalo Mwalimu hakuweza kulivumilia. Akawafukuza zaidi ya 300, wakarudishwa makwao. Mimi sikubaliani na bango lile, na sidhani kwamba aliyeliandika alikuwa amefikiri mabega ya nani yalimbeba. Walakini shutuma nyingine ya vijana hao ilikuwa na ukweli: kwamba wakubwa wa serikali wanaowataka wajitolee walikuwa wenyewe wanalipwa mishahara minono. Mwalimu aliukiri ukweli huo kwa tendo, kwa kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 siku ile ile, na miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Aliyepewa kikubwa hawezi kumhubiria aliyepewa kidogo mpaka aanze yeye. Na kanuni hii inawahusu wakurugenzi wa makampuni kama ilivyowahusu mawaziri. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa baadaye, wakamaliza masomo na kuitumikia nchi, na utumishi ule wa lazima ukaendelea hata 1994.

Katika miaka iliyofuata, wakati makampuni makubwa yalipokuwa ya umma, hakukuwa na haja ya kuuliza kampuni inaipa jamii nini, maadamu mashamba ya mkonge na viwanda vya nguo vilikuwa na zahanati zao na skuli zao. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani huko Mwadui, ambako mjiolojia wa Kanada, Dakta John Williamson, aliyeigundua almasi mwaka 1940, alijenga mji mzima wenye hospitali na skuli kuuzunguka mgodi. Mashirika hayo yalipouzwa au kufungwa kuanzia miaka ya 1990, huduma nyingi zilikwenda nayo, na wawekezaji wapya wakaja na programu zao za kusaidia jamii, wakiamua wenyewe watoe nini, wapi na lini. Madawati yalitolewa mbele ya kamera. Visima vilichimbwa, na baadhi havikuwa na fundi wa kutengeneza pampu ilipoharibika.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, sheria ya madini iliporekebishwa. Tangu wakati huo mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, akubaliane juu yake na serikali ya mitaa ya mahali alipo, na halmashauri imepewa kazi ya kutunga miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Ada ya zamani, iliyotegemea haya ya tajiri mbele ya majirani zake, imegeuzwa kuwa wajibu wenye hati. Lakini hati inaturudisha pale pale kwa mutawalli: ni nani anayeisoma?

Jibu langu ni kwamba inafaa isomwe na vijana wa vyuo, na isomwe wakati bado ni wanafunzi. Kila mwaka maelfu yao hupelekwa katika mafunzo kwa vitendo, na wengi hurudi wakiwa wamepanga mafaili, wametumwa chai, na kuandika ripoti isiyosomwa na mtu. Halmashauri yenye mgodi ndani ya mipaka yake ina kazi inayowastahili. Mwanafunzi wa uhasibu anaweza kulinganisha bei ya bati na saruji zilizoandikwa katika mpango na bei za duka la mjini. Wa uhandisi anaweza kuupima ukuta wa darasa na kuuliza kama kokoto na nondo zilizolipiwa ndizo zilizotiwa. Wa afya anaweza kusema kwamba zahanati inayotakiwa kujengwa haina nyumba ya mganga, na kwamba mpango ungefaa zaidi kama ungejenga nyumba hiyo kwanza. Mpango ukiwa umeandikwa kwa Kiingereza, wa lugha aufasiri, ubandikwe katika ofisi ya kijiji, ili mzee ambaye shamba lake liko pembeni mwa shimo la mgodi ajue ni kitu gani kilichoahidiwa kwa jina lake.

Na mhitimu aliyeajiriwa na kampuni yenyewe ana nafasi ambayo hata diwani hana, kwa kuwa yumo chumbani wakati bajeti inapokatwa. Huyo aulize fungu la jengo linafuatana na fungu gani la kuliendesha. Aulize ni nani atamlipa muuguzi katika mwaka wa tatu, wakati kampuni imekwisha kupiga picha zake na kuondoka. Na aulize kama kuna sharti lolote lililoandikwa, kama lile la Bagamoyo, la kuwafungulia mlango wale ambao kwa kawaida hufungiwa. Wakubwa wake wanaweza kumwona msumbufu. Lakini mpango hutengenezwa upya kila mwaka, na swali lililokataliwa mwaka huu linaweza kuandikwa katika mpango wa mwaka ujao, ikiwa aliyeliuliza bado yuko kazini na bado anauliza.